Fangasi wa ukeni wanaojirudia kwa wanawake waendesha baiskeli: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndiyo maswali yanayorudi kila wanawake wanaoendesha baiskeli wanapokaa kupumzika baada ya safari ndefu, mara nyingi kwa sauti ya chini na baada ya wanaume kuondoka. Ninayajibu kama mwendeshaji mwenzenu niliyesumbuliwa na tatizo hili kwa karibu miaka miwili. Mimi si daktari. Dawa na vipimo nimevitaja ili ujue cha kuuliza ukifika kliniki. Wa kukuandikia ni mtaalamu aliyekupima.

## Mambo ya msingi

1. Fangasi wa ukeni ni kitu gani, na wanatoka wapi?

Ni viumbe wadogo wa jamii ya hamira wanaoitwa Candida, na mara nyingi zaidi ni aina ya Candida albicans. Wanawake wengi wanaishi nao ukeni na kwenye utumbo bila kujua, kwa sababu bakteria walinzi waitwao laktobasili wanaushikilia uke katika hali ya asidi na kuwaweka fangasi kwenye idadi ndogo. Ugonjwa huanza pale wanapoongezeka, au pale mwili unapoanza kuwachukia. Kama wanawake watatu kati ya wanne huwapata angalau mara moja maishani. Kwa hiyo kuugua si dalili ya uchafu, na wala si dalili ya tabia mbaya.

2. Dalili zake ni zipi?

Kuwashwa ndiko kunakotangulia. Kisha huja kuungua, wekundu, uvimbe wa mashavu ya uke, wakati mwingine mipasuko midogo ya ngozi, na ute mweupe mzito kama maziwa mgando. Harufu huwa haipo au ni hafifu. Mkojo unaweza kuchoma, lakini unachoma pale unapogusa ngozi ya nje. Ukisikia maumivu ndani ya njia ya mkojo na haja ndogo inakujia kila baada ya dakika chache, hiyo inafanana zaidi na UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo.

Ute mwepesi wa kijivu wenye shombo ya samaki huelekeza kwenye bakteria waliozidi ukeni. Ute wa njano au kijani wenye povu unaweza kuwa trikomona, ambayo ni ya zinaa. Zote mbili hazitibiki kwa dawa ya fangasi.

3. Ni lini tunasema "wanajirudia"?

Mwongozo wa mwaka 2021 wa CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, unahesabu mara 3 au zaidi ndani ya mwaka mmoja. Wataalamu wengine hutumia 4. Ukifika hapo, acha kununua dawa ya dirishani. Unahitaji kipimo na mpango wa miezi.

4. Je, baiskeli ndiyo inayoniletea?

Baiskeli haipandi fangasi, maana tayari wapo. Inachofanya ni kuwatandikia: joto, jasho lisilo na pa kwenda, na ngozi iliyosuguliwa mpaka ikalainika. Fikiria saa tatu juu ya siti, sponji iliyoshonwa ndani ya kaptula imelowa, kitambaa kimebana, hewa haipiti.

Hata hivyo, wapo wanaoendesha kila siku bila kuguswa, na wapo wanaougua kila mwezi bila hata kumiliki baiskeli. Tafiti kuhusu nguo za kubana nazo hazikubaliani. Kwa hiyo kabla ya kuilaumu siti, pitia vichochezi vikubwa: antibiotiki, kisukari kisichodhibitiwa, ujauzito, dawa zenye estrojeni, dawa za steroidi, na kinga iliyoshuka ikiwemo kwa VVU. Mimi naihesabu baiskeli kuwa kuni za ziada. Kiberiti mara nyingi kiko kwingine.

## Kabla ya kununua dawa nyingine

5. Dalili zangu nazijua vizuri. Kwa nini nipime?

Kwa sababu sote tunadhani tunazijua. Katika utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, wanawake 95 waliokuwa wakijinunulia dawa ya fangasi walipimwa. Kama theluthi moja tu ndio waliokuwa na fangasi peke yao. Waliobaki walikuwa na bakteria, mchanganyiko wa magonjwa, muwasho wa ngozi, au hawakuwa na tatizo la kuonekana.

Yangu yalikuwa hivyohivyo. Nilimaliza tyubu tatu za krimu ndani ya miezi minne, na kila mara nilipata nafuu siku mbili kisha moto ukarudi. Nilipopimwa hatimaye, hapakuwa na fangasi hata mmoja. Ngozi yangu ilikuwa imevikataa vile vitambaa vyenye unyevu na manukato nilivyokuwa najifutia nikishuka kwenye baiskeli. Niliviacha, na ndani ya wiki mbili nikasahau kabisa habari ya kujikuna.

Kipimo chenyewe ni kuchukua ute kwa pamba na kuuangalia kwa darubini, pamoja na kupima asidi. Uke wenye afya huwa na pH (kipimo kinachopanda asidi inapopungua) ya kama 4.0 hadi 4.5, na fangasi huwa hawaibadilishi; ikipanda zaidi, mshuku bakteria au trikomona. Ikiwa unaugua mara kwa mara, omba sampuli ioteshwe maabara ili aina ya fangasi ijulikane. Nenda wakati dalili zipo na kabla hujaweka dawa yoyote, la sivyo majibu yatadanganya.

6. Nitatofautishaje fangasi na michubuko ya siti?

Angalia mahali. Michubuko hukaa pale panapogusana na siti au mshono wa kaptula: kwenye mkunjo wa paja, chini ya makalio, upande mmoja wa shavu la uke. Huuma kuliko inavyowasha, na ukipumzika siku tatu nne inapungua. Fangasi huwasha kuanzia mlangoni mwa uke, huja na mabadiliko ya ute, na hawasubiri uendeshe.

Kuna fangasi wa ngozi pia, kwenye mkunjo wa paja: wekundu mkali wenye vipele vidogo vilivyotawanyika pembeni. Vinundu vyenye usaha kwenye vinyweleo ni kitu kingine tena, mara nyingi bakteria. Chukua kioo cha mkononi ujitazame kwenye mwanga. Wengi wetu hatujawahi kufanya hivyo, halafu tunashangaa tunapokosea.

## Kaptula

7. Nivae chupi ndani ya kaptula ya baiskeli?

Hapana. Sponji imeshonwa ikae moja kwa moja kwenye ngozi. Chupi inaongeza mishono ya kusugua na kitambaa cha kushika maji. Hii huwashangaza wageni wote, na karibu wote wakijaribu mara moja hawarudi nyuma.

8. Naweza kuirudia kaptula bila kuifua, kama safari ilikuwa fupi?

Usirudie, hata kama ilikuwa nusu saa. Sponji ni nene na hukaa na unyevu mrefu kuliko unavyodhani.

Kuifua nako kuna namna yake. Maji ya nyuzi 60 ndiyo yanayoua Candida vizuri, lakini kaptula nyingi zimeandikwa zifuliwe kwa 30 au 40, na joto la juu huharibu mpira wake. Kwa hiyo tegemeo letu ni haraka na ukavu. Igeuze ndani nje, ifue siku hiyohiyo, tumia sabuni kidogo isiyo na manukato, suuza mara mbili, na usiweke kilainisha nguo kwa sababu hubaki kwenye sponji na kuiwasha ngozi. Anika sponji ikitazama nje, penye upepo au jua.

Kabla ya kuivaa, bonyeza katikati ya sponji kwa dole gumba uhesabu mpaka tano. Pembeni hukauka kwanza na kukuhadaa. Katikati ukisikia ubaridi, bado ina maji. Kama unaendesha mara nyingi, kaptula tatu za kupokezana zina faida kuliko moja ya bei kubwa.

9. Nikishuka kwenye baiskeli nina muda gani wa kubadilisha?

Hakuna dakika zilizopimwa na mtu. Kanuni yangu: kaptula inatoka kabla ya simu, kabla ya chai, kabla ya kupiga picha. Kama ningelazimika kuchagua ushauri mmoja tu kutoka ukurasa huu wote, ningechagua huu, kwa kuwa jasho la njiani halikwepeki ila saa nzima ya kukaa ndani yake baada ya safari ni ya kujitakia.

Beba kwenye begi dogo chupi ya pamba, suruali pana au gauni, taulo, na mfuko wa kutia kaptula chafu. Vaa gauni juu kwanza, kisha vua kaptula chini yake. Hata pasipo na choo unaweza. Kama huna maji, jifute kwa taulo safi yenye maji matupu kidogo, kisha kausha kwa kubonyeza bila kusugua.

10. Krimu ya kuzuia msuguano inaleta fangasi?

Krimu yenyewe husaidia, maana ngozi isiyochubuka ni kinga. Shida ni viungo na mahali. Epuka zenye mentholi, manukato au mafuta ya mimea yenye ukali; ule ubaridi wanaouita wa kuburudisha ni wa mapaja, si wa mashavu ya uke. Paka kwenye ngozi ya nje inayosuguana tu, kiasi kidogo. Usipake mlangoni wala ndani. Usichovye kidole kilichokwisha kupita mwilini kwenye kopo. Toa kiasi kwanza. Na ukishuka, ioshe yote.

## Siti na mkao

11. Kubadilisha siti kunaweza kusaidia?

Kunasaidia michubuko na uvimbe, na kwa njia hiyo hupunguza mlango wa maambukizi. Usitarajie siti itibu fangasi.

Uzito wako unatakiwa ubebwe na mifupa miwili ya makalio. Siti nyembamba kuliko mifupa hiyo huuhamishia uzito huo kwenye nyama laini za mbele. Duka zuri la baiskeli litakupimia upana kwa kukukalisha kwenye kipande cha sponji kinachobaki na alama. Siti yenye tundu au mfereji katikati huwafaa wengi, ingawa wapo ambao kingo za tundu huwabana zaidi. Huwezi kujua mpaka ukae juu yake saa moja.

Kabla ya kununua, jaribu vya bure. Siti iliyopanda sana hukufanya ubembee kushoto na kulia kila unapokanyaga pedeli, na huko kubembea ndiko kunakosugua. Ishushe milimita chache. Pua ya siti ikiwa imeinuka, iinamishe kidogo sana. Usukani ulio mbali au chini mno nao hukuangusha mbele juu ya sehemu laini.

12. Mbona nasumbuka zaidi nikiendesha ndani ya nyumba?

Kwa sababu ndani hakuna upepo, hakuna mteremko wa kuacha kukanyaga, wala shimo la kukufanya uinuke. Unakaa palepale na jasho linashuka palepale. Weka feni ikupige mbele, inuka kwenye siti kila baada ya dakika kumi hivi, na kipindi kikizidi saa moja na nusu, badilisha kaptula katikati. Inaonekana kama anasa. Si anasa.

## Usafi, nywele na hedhi

13. Nioshe na nini?

Maji ya uvuguvugu kwa nje. Ukitaka sabuni, iwe laini isiyo na manukato, na ikae nje. Ndani ya uke hapaoshwi kwa chochote, maana kuosha ndani kunawaondoa wale laktobasili wa swali la 1. Mara moja kwa siku, na mara moja zaidi baada ya safari, vinatosha. Waoshaji wa mara tano kwa siku ndio nimeona wanaowashwa kuliko wote. Kausha vizuri, kisha vaa pamba au lala bila chupi.

14. Kunyoa kunapunguza jasho?

Kunapunguza nywele. Jasho liko palepale, na nywele zilikuwa zinapunguza msuguano. Kunyoa usiku wa kuamkia safari ndefu ndiyo njia ya uhakika ya kuamka na vinyweleo vilivyovimba. Kama unapenda usafi wa macho, punguza kwa mkasi au mashine.

15. Na siku za hedhi?

Tamponi au kikombe cha hedhi huwa na raha zaidi kwenye siti kuliko pedi, ambayo hukunjamana na kusugua. Kama hutumii vya ndani, vaa kaptula ya rangi nyeusi na upange vituo vya kubadilisha. Pantilaina za kila siku zenye manukato ziache kabisa, ziwe za baiskeli au za ofisini.

## Matibabu

16. Dawa za kawaida ni zipi?

Kwa tukio la kawaida huwa ni klotrimazoli ya kuweka ukeni, kidonge kimoja cha miligramu 500 au dozi ndogo za siku kadhaa, ama flukonazoli ya kumeza miligramu 150 mara moja. Dawa ya ukeni weka usiku ukienda kulala. Ukiweka asubuhi ukapanda baiskeli, nusu yake itabaki kwenye sponji. Nyingi kati ya dawa za ukeni zina mafuta yanayodhoofisha kondomu za mpira. Flukonazoli hugongana na dawa kadhaa, ikiwemo wafarini ya kuzuia damu kuganda, kwa hiyo taja dawa zako zote.

17. Wakijirudia, tiba inabadilika?

Inabadilika. Utaratibu unaotumika sana ni flukonazoli miligramu 150 siku ya 1, ya 4 na ya 7, kisha mara moja kwa wiki kwa miezi 6. Wengi hukaa salama muda wote wa dawa. Baada ya kuacha, takriban nusu au zaidi hurudiwa, na hapo ndipo mambo ya kaptula na usafi yanapoanza kulipa. Wengi wanaharibu kwa kuacha wiki ya tatu kwa kuwa wamejisikia vizuri.

18. Nimemaliza dozi na bado. Kwa nini?

Huenda si albicans. Candida glabrata huwa sugu kwa flukonazoli, na kwake madaktari hutumia vidonge vya ukeni vya asidi ya boriki, miligramu 600 kila siku kwa wiki 2 hadi 3. Asidi hiyo ikimezwa ni sumu, na haitumiki kwa mjamzito. Au huenda si fangasi kabisa: rudi swali la 5.

19. Mtindi, kitunguu saumu, siki?

Mtindi kula. Ushahidi kwamba unazuia fangasi ukeni ni dhaifu, na vidonge vya bakteria walinzi navyo hivyohivyo. Kitunguu saumu ukeni kinaunguza, nimemwona aliyeungua. Siki ndani ya uke inaharibu zaidi kuliko inavyotengeneza.

20. Jeli za sukari tunazokula njiani ndizo zinawalisha?

Kwa asiye na kisukari, hakuna uthibitisho mzuri wa hilo. Usiendeshe na njaa kwa hofu ya fangasi. Lakini kama wanakurudia bila sababu ya wazi, pima sukari ya damu. Kwa baadhi ya watu fangasi ndio waliotangulia kutoa habari. Baadhi ya dawa za kisukari zinazotoa sukari kupitia mkojo nazo huwaongeza.

21. Mwenzangu naye atibiwe?

Kwa kawaida hapana. Fangasi hawahesabiwi kuwa ugonjwa wa zinaa. Akiwa na wekundu au muwasho, naye apimwe. Ninyi wenyewe subirini ngozi ipone kwanza, kwa sababu tendo kwenye ngozi iliyopasuka linaumiza bure.

## Hali za pembeni

22. Naweza kuendesha nikiwa naumwa?

Hutajidhuru vibaya, ila utachelewa kupona. Ngozi iliyovimba ikisuguliwa hupasuka. Mimi hupumzika mpaka kuwasha kumeisha na siku mbili juu yake, kisha naanza na safari fupi.

23. Nina safari ya siku kadhaa, nalala njiani. Nifanyeje?

Kaptula mbili kwa uchache, ikiwezekana tatu. Unayoifua jioni ikunje ndani ya taulo kavu na kuikanyaga kwa miguu, maji mengi yatatoka kabla hujaianika. Isipokauka asubuhi, ifunge juu ya mzigo ikauke njiani na uvae nyingine. Kama fangasi wamewahi kukurudia, muulize daktari kabla ya safari kama ubebe dozi moja ya akiba.

24. Nimepewa antibiotiki za kidonda cha siti, na kila nikizitumia fangasi wanafuata.

Mwambie anayekuandikia kabla hajaandika. Baadhi ya madaktari hutoa dozi ya dawa ya fangasi sambamba kwa wenye historia hiyo. Uliza pia kama kidonda chenyewe kinahitaji antibiotiki. Vingi hupona kwa kupumzika na ukavu.

25. Mjamzito je? Na baada ya hedhi kukoma?

Mjamzito hutibiwa kwa dawa ya ukeni, kwa kawaida siku 7, na huepuka flukonazoli ya kumeza. Baada ya hedhi kukoma, fangasi hupungua sana kwa asiyetumia homoni, hivyo muwasho wa umri huo mara nyingi ni ukavu au ugonjwa wa ngozi. Ukiona mabaka meupe yanayong'aa kwenye mashavu ya uke, nenda ukaonwe. Kuna ugonjwa wa ngozi wa aina hiyo unaohitaji ufuatiliaji wa miaka.

26. Ni lini nisisubiri?

Homa, maumivu ya tumbo la chini, vidonda au malengelenge, damu isiyo ya hedhi, jipu linalokua, au dalili zozote ukiwa mjamzito. Nenda siku hiyohiyo, na kama unatoka moja kwa moja kwenye safari, nenda hivyohivyo na kaptula yako. Manesi wameona makubwa zaidi ya hayo.